Waya Usioonekana: Simu ya Upepo Nyumbani Buhongwa

Mpenzi msomaji, kama hujapata kufika Buhongwa, panda daladala mjini Mwanza uelekee kusini kwa barabara ya Shinyanga. Utapita Igogo na Mkuyuni, utapita Butimba penye chuo cha ualimu, kisha Nyegezi penye stendi ya mabasi, kisha Mkolani. Baada ya mwendo wa kilometa kumi na kitu hivi utamsikia konda akiita, "Buhongwa, mwisho!" Hapo shuka. Mkono wako wa kushoto inatoka barabara ya kwenda Igoma. Mbele yako njia kuu inaendelea hadi Usagara, nako inagawanyika: moja yaenda Shinyanga, nyingine yaenda Kigongo, kwenye lile daraja refu la Busisi lililofunguliwa Juni 2025.

Ukitaka kuuona mji wetu vizuri, panda juu ya jiwe. Mawe hatuna haba. Mwanza nzima imekaa juu ya itale, nasi wa Buhongwa tumepata fungu letu. Ukisimama juu yake saa saba mchana utaona bati tupu, bati juu ya bati, yanang'aa hata macho yanauma. Juu ya bati hizo utaona masahani ya televisheni, matangi meusi ya maji, na hapa na pale mnara wa simu. Sasa itafute nyumba yangu. Nakuambia mapema kwamba ndani yake mna simu ya upepo iwezayo kusema na Bukoba na Musoma, tena ina antena mbili. Tazama utakavyo, hutaziona. Habari ya antena hizo ndiyo niliyotaka kukuandikia leo, maana nimeulizwa mara nyingi, na nyingine nimeulizwa kwa hasira.

Labda utasema: simu ya upepo ya nini siku hizi, kila mtu akiwa na simu mfukoni? Ni swali la haki. Simu ya mkononi ni nzuri, nami ninayo. Lakini hiyo hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme, na tena humfikia mtu mmoja tu, yule uliyempigia. Simu ya upepo haitegemei mnara wa mtu. Ukisema, wote waliofungua mawimbi hayo hukusikia kwa pamoja, na asiyeweza kukusaidia aweza kumpasha awezaye. Kwa watu wanaoishi kando ya ziwa jambo hilo si dogo. Ile barabara ya Igoma niliyokuonyesha inakwenda kwenye makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kwamba waya wangu ungalimwokoa hata mmoja wao; ningekuwa mwongo. Nasema tu kwamba mtu aliyezaliwa huku akisikia habari hizo hapati shida kuelewa kwa nini sauti nyingi masikioni mwa wengi ni kitu cha kutamaniwa. Serikali zetu za Afrika Mashariki nazo zimeliona hilo, ndiyo maana katika mradi wao wa mawasiliano ya ziwa Mwanza ilichaguliwa kuwa makao ya kituo cha kuratibu uokoaji.

Tena simu ya upepo si ngeni hapa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamejenga vituo vyake Mwanza na Bukoba, vyenye milingoti ya kuonekana toka mbali. Mwezi Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwa meli, wakavuka ziwa, wakashuka Bukoba na kupigana siku mbili, na kituo kile wakakivunja. Hicho hasa ndicho kilichowaleta. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Mwanza nayo ikachukuliwa. Nilipoisoma habari hiyo nilijisemea moyoni: mlingoti mrefu huita wageni.

Sisi wa umri wangu simu ya upepo tuliikuta misheni. Tangu miaka ya 1960 madaktari warukao wa AMREF walikuwa na mtandao wao toka Nairobi, na hospitali za misheni za porini ziliitana nao kila siku kwa saa zilizowekwa. Nilipokuwa mtoto niliisikia mashine ya namna hiyo ikikoroma katika ofisi ya masista, ikitaja dawa, na majina ya wagonjwa, na hali ya uwanja wa ndege. Waya wake ulifungwa toka mwembe hadi mnara wa kengele, nasi watoto tuliamini kwamba maneno yanatembea juu yake kama siafu. Baadaye simu za mkononi zilikuja, mashine zikafunikwa kitambaa, waya zikaanikiwa nguo.

Basi mimi nilipopata mashine yangu, kuukuu lakini nzima, kazi ya kwanza haikuwa waya. Ilikuwa karatasi. Ndugu msomaji, shika sana neno hili: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kuweka wala kutumia chombo cha kutuma sauti hewani bila leseni, na mwenye kutoa leseni ni TCRA, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi hapa Mwanza. Nilipoomba leseni ya redio ya ridhaa nilieleza chombo changu ni cha namna gani, kina nguvu kiasi gani, na kitakaa nyumba ipi. Wenye leseni za namna hiyo nchini kwetu huitwa kwa alama inayoanza na 5H, na ukiitaja mtu wa nchi yo yote hujua kwamba unasema toka Tanzania. Nakuambia haya kabla ya vipimo kwa sababu nitatumia neno "kuficha" mara nyingi, nisingependa ulielewe vibaya. Waya wangu nimewaficha wezi. Serikali nimewaonyesha hata chumba ulimo.

Na tena leseni ina mipaka. Baba Paroko aliposikia habari hii alifurahi, akataka niwe nawaita makatekista wa vigango kila Jumamosi kupanga ratiba za misa. Nilimwomba radhi. Redio ya ridhaa ni ya kujifunza, na kujaribu, na kusaidiana wakati wa maafa. Si ya biashara wala kazi za ofisi, wala huruhusiwi kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe. Parokia ikitaka yake, iombe mawimbi yake. Hakupendezwa sana siku ile.

Sasa waya. Kwa nini niufiche? Kwanza kwa ajili ya shaba. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba waya wa shaba ukining'inia mahali pa wazi hauna usiku mwingi wa kuishi. Pili, nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba alisema kwa upole kwamba mlingoti juu ya bati zake hataki. Tatu ni majirani, nitakuja kwao baadaye.

Vitabu vya Wazungu vinafundisha kuificha antena darini. Kwao yafaa, maana wengi huezeka kwa vigae au mbao, na mawimbi hupita humo bila taabu. Mimi nikafuata kitabu. Nilitambaa juu ya kenchi mchana wa jua kali, katikati ya popo na vumbi, nikaufunga waya toka ukuta hata ukuta, nikashuka nimeloa jasho na shati limechanika. Nikafungua mashine: kimya. Bati, msomaji mpenzi! Bati ni sufuria iliyofunikwa juu ya kichwa chako. Mawimbi hayatoki. Ningalifikiri kidogo kabla ya kupanda, shati lingalipona.

Mara ya pili niliutoa nje, nikaulaza kando ya bati, ukiachana nazo kiasi cha shubiri moja. Ulifichika vizuri mno. Nikasikia sauti kwa mbali, lakini nilipojaribu kusema, sehemu kubwa ya nguvu ilirudi mashinani badala ya kwenda hewani. Kuna kipimo kidogo cha kuonyesha nguvu irudiyo. Ukiona inarudi nyingi, acha upesi, usije ukaunguza mashine. Waya uliokaribia bati mno hushikana nazo kama mtu anayesema huku mdomo umebanwa kwenye ukuta.

Mara ya tatu nilijiona mwerevu. Nikaufunga uani kama kamba ya kuanikia nguo. Nani ataiba kamba ya nguo? Ulifanya kazi, nami nikalala na furaha. Kesho yake saa nne kipimo kikageuka chenyewe, nikazunguka mashine nisijue ubovu uko wapi, hata nilipotoka nje nikakuta binti wa jirani ameanika mashuka manne na kitenge, na maji yanachuruzika. Hata kicheko kilinishinda, maana wakati ule ule niliona hatari. Antena ya namna hii, unapotuma sauti, ncha zake huwa na umeme mkali, na mkono unaogusa huungua. Kama ningalikuwa nimebonyeza kitufe wakati binti yule anaeneza shuka? Nikaukata siku ile ile. Kamba ya nguo ikarudi kuwa katani.

Waya ulioko sasa ni huu. Ni waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, wa milimita 1.5, mweusi, wenye ganda lake. Una mikono miwili, kila mkono mita 10 hivi. Urefu huo sikuuokota. Kwa antena ya mikono miwili, chukua 142.5 ugawanye kwa megahezi za mawimbi unayotaka. Jibu ni urefu wote kwa mita. Mimi natumia megahezi 7.1, nayo huleta mita 20 na kidogo. Kata mrefu zaidi kidogo, kisha punguza polepole huku ukipima, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Mkono mmoja waenda toka pembe ya nyumba hadi mwarobaini wa uani, mwingine waenda hadi mti wa jirani, kwa ruhusa yake. Katikati pameinuka mita 6 hivi, na ncha zake hazifikiwi hata na mtu mrefu aliyesimama juu ya kiti. Haugusi mti, kila ncha imefungwa kwenye kipande cha bomba la plastiki, na toka hapo ni uzi wa nailoni wa wavuvi, niliounua Mwaloni Kirumba. Uzi ule hauonekani kwa hatua kumi, nao huvumilia jua kuliko kamba nyingi za dukani.

Toka katikati unashuka waya wa antena ya televisheni, ule mweusi wa mviringo unaouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Wakubwa wa kazi hii hupenda waya wa namna nyingine, lakini huu wafaa vizuri kabisa kwa antena ya mikono miwili. Tena una faida kubwa: nyumba zote za mtaa zinao, na mtu akiuona hudhani ni wa king'amuzi. Karibu na antena nimeuviringisha mara tisa juu ya chupa ya plastiki, ili nguvu isirudi nyumbani kwa mgongo wa waya.

Nawe utauliza, kama nilivyouliza mimi: waya wa chini namna hii, uliozungukwa na mawe na vilima, utafika wapi? Hapo ndipo nilipopata jambo lililonifurahisha kuliko yote. Antena iliyo juu sana hutupa mawimbi mbali, yakaruka juu ya majirani zako na kuangukia nchi nyingine. Iliyo chini huyarusha wima kuelekea mbinguni, na kule juu sana kuna tabaka la hewa lililoamshwa na jua, nalo huyarudisha chini pande zote. Ni kama kuelekeza mpira wa maji juu: wewe mwenyewe unaloa, na wote walio karibu nawe wanaloa. Bukoba iko mbali nasi kama kilometa 180 ukikata juu ya ziwa, Musoma kama 150. Kwa mawimbi hayo huo ni ujirani. Vilima haviwezi kuyazuia, kwa kuwa hayapiti ubavuni mwao. Yanashuka toka juu. Basi kwa mtu anayetaka kusema na watu wa ziwa hili, ule waya wa chini uliofichika ndio ule ule unaofaa, wala mlingoti wa mita 20 haungemsaidia zaidi. Yanasikika vizuri hasa mchana.

Antena ya pili ni fupi, ya megahezi 145, na ni ya kusema na watu wa karibu. Ni kijiti cha shaba cha karibu nusu mita, kimesimama ndani ya bomba jeupe la plastiki juu ya ukuta wa nyuma, nalo lafanana na bomba la hewa la choo. Plastiki haizuii mawimbi kama bati. Lakini mawimbi haya hutembea kama macho yaonavyo: ukiwa juu mita 9 hufika kilometa 12 hivi penye uwanda, na kila jiwe la Mwanza hudai ushuru wake. Nikisema na mtu wa Usagara tunaelewana. Nikimwita wa Kirumba, nyuma ya vilima vyote vile, ni bahati nasibu.

Nisikufiche habari ya radi. Pwani ya ziwa hili ni mojawapo ya mahali penye radi nyingi duniani. Juu ya maji dhoruba huchemka usiku hata alfajiri. Huku nchi kavu mara nyingi hutujia alasiri. Waya uliofichika radi inauona vizuri. Kwa hiyo waya wangu hauingii nyumbani moja kwa moja. Unakoma kwenye kisanduku ukutani nje, na hapo nauchomoa kwa mkono na kuufunga kwenye waya wa ethi. Ethi ya Buhongwa ina kisa chake. Nilipiga chuma chini, nikakuta jiwe. Nikasogea hatua tatu, jiwe. Hata nikapata udongo nyuma ya jiko, panapomwagwa maji ya vyombo na pana unyevu mwaka mzima. Huko niliweka bomba la chuma lenye zinki badala ya shaba, kwa sababu ile ile uliyokwisha kusikia. Hata hivyo kinga iliyo bora ni kuuchomoa mapema. Ngurumo ikisikika, umechelewa kidogo.

Sasa majirani. Mwanzoni niliwaficha wao pia, na hilo lilikuwa kosa langu. Nilifunga waya jioni, watu wakiwa ndani. Nilisema usiku kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nikirudia tarakimu na herufi. Ukuta wa matofali mabichi hauzuii sauti. Haikupita wiki mbili mke wangu akaona kwamba mabinti waliokuwa wakija kuteka maji bombani kwetu wanakwenda mbali zaidi. Mama mmoja mzee aliyezoea kunisalimu "Mwangaluka, mwalimu" kila asubuhi akawa anageuka upande mwingine. Wengine walisema nasema na majini. Wengine, wenye elimu kidogo zaidi, walisema mimi ni mpelelezi, nalipwa na watu wa nje. Mtoto wetu wa darasa la tatu alirudi analia. Ndipo mke wangu akaniambia neno ambalo sikulijibu: "Baba, umeficha waya, umetufunua sisi."

Jumapili moja alasiri alikuja mwenyekiti wa mtaa, pamoja na balozi wetu na mgambo wawili. Walipiga hodi kwa adabu, nami nikawakaribisha kwa adabu, ingawa moyo ulikuwa unapiga. Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, tumesikia una mtambo. Sisi hatujakuja kwa ubaya, lakini mtaa unasema." Nikatoa leseni, akaisoma mstari kwa mstari, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Kisha nikawatoa nje, nikawaonyesha waya toka pembe hadi mwarobaini. Mgambo mmoja alikuwa amesimama chini yake muda wote asiuone. Tukarudi ndani, nikafungua mashine. Ilikuwa kama saa kumi, na kwa bahati njema alisikika mtu wa upande wa Bukoba, akisema kwamba kwao mvua imeshika na ziwa limechafuka. Balozi, ambaye ana mtoto wa dada yake anayevua dagaa, aliinama karibu na mashine kama mtu anayenusa chungu. Akauliza, "Anasema ni sasa hivi?" Nikamwambia, ni sasa hivi. Akatoka nje na simu yake ya mkononi kumpigia kijana yule asishushe mtumbwi.

Toka siku ile wazee watatu au wanne huja alasiri kuuliza ziwa linasemaje kule ng'ambo. Mama mzee naye amerudisha salamu. Watu wa mtaa wote sasa wanajua kuna waya, na wengi wao wakipita hawauoni, na wezi, kwa jinsi nijuavyo hadi leo, hawajaambiwa.

Ninapoandika haya ni saa tisa alasiri. Ndege wawili wametua katikati ya waya, yaani hewani tupu kwa anayetazama toka barabarani. Upande wa Usagara pana wingu jeusi lililokuwa dogo nilipoanza ukurasa huu. Nitaweka kalamu, niende ukutani nikauchomoe.